Kanzu ya Yusufu, Alfajiri ya Bogoro

Siku Bogoro iliposhambuliwa, tarehe 24 Februari 2003, Mathieu Ngudjolo Chui alikuwa kwenye kituo cha afya cha Kambutso akimzalisha mwanamke. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe mwaka 2011 mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague, alikoshtakiwa kuwa mmoja wa wakuu wa shambulizi hilo. Alikuwa muuguzi, alisema, na siku hiyo alikuwa kazini.

Mwandishi wa riwaya akiisikia habari hiyo huona wivu, kisha huingiwa na hofu. Kijiji kimoja kinateketea, na ng'ambo ya vilima vichache mtu anayedaiwa kukiteketeza anakata kitovu cha mtoto. Iandike hivyo, na mhariri atakurudishia mswada: umetia chumvi, kifo huku na uzazi kule, nani atakusadiki? Lakini maisha hayana mhariri. Mara nyingine mambo hutokea kwa mpangilio ambao fundi wa hadithi angeuonea haya, na mara nyingine mwongo huwa fundi kuliko sote. Kwa kusikiliza tu, huwezi kuwatenganisha.

Bogoro, kijiji cha Ituri mashariki mwa Kongo, iko yapata kilomita 25 kutoka Bunia, kwenye barabara inayoteremka kwenda Kasenyi na Ziwa Albert. Aliyeishika Bogoro aliishika njia ya ziwani, na pamoja nayo samaki, ushuru na mapito ya silaha. Mwanzoni mwa 2003 palikuwa na kambi ya UPC, kundi la Thomas Lubanga lililojitangaza kuwa mlinzi wa Wahema, na kambi hiyo iliwekwa katikati ya makazi ya watu, kwenye majengo ya shule, Institut ya Bogoro. Wapiganaji wa Kilendu kutoka upande wa Zumbe na wa Kingiti kutoka Walendu-Bindi waliingia alfajiri wakiwa na bunduki na mapanga. Watu waliokimbilia madarasani waliuawa humo humo. Mwendesha mashtaka alitaja wafu wapatao 200. Majaji, ambao hawahesabu ila kilichothibitishwa, walipata idadi ndogo zaidi.

Washtakiwa walikuwa wawili, na kesi yao ilifunguliwa pamoja Novemba 2009. Miaka mitatu baadaye, ushahidi wote ukiwa umeshasikilizwa, walitenganishwa. Germain Katanga wa Aveba, upande wa Wangiti, alikutwa na hatia tarehe 7 Machi 2014 na kufungwa miaka 12. Ngudjolo alikuwa ameshaachiwa huru tarehe 18 Desemba 2012, kwa sababu mwendesha mashtaka hakuthibitisha kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa wapiganaji wa Kilendu wa Bedu-Ezekere, upande wa Zumbe. Mtoto wa Kambutso siye aliyemfungulia mlango. Na katika hukumu hiyo hiyo majaji waliweka maelezo ambayo nadhani yangepaswa kusomwa katika kila darasa la fasihi: kwamba kumwona mshtakiwa hana hatia si lazima kumaanishe kuwa mahakama imeamini hakutenda. Maana yake ni kwamba ushahidi haukutosha kuondoa shaka.

Kisheria hakuna kosa hapo. Lakini mchukue mtu huyo umrudishe Ituri, umsimamishe mbele ya duka, sokoni, kanisani. Ana karatasi inayosema hana hatia, na ndani ya karatasi hiyo hiyo imeandikwa kwamba huenda anayo. Jina lake limeoshwa kwa maji yenye matope.

Hadithi za kusingiziwa tulizolelewa nazo hazituachi katika hali hiyo hata siku moja. Mfano mkuu ni Yusufu, anayejulikana na Mwislamu wa Pangani na Mprotestanti wa Bunia kwa pamoja, ila kila mmoja anajua nguo tofauti. Katika Qurani mke wa bwana wake anaivuta kanzu ya Yusufu kwa nyuma, ikachanika, na mtu wa jamaa ya mwanamke huyo huyo akatoa kanuni: ikiwa imechanika mbele, kijana ni mwongo, ikiwa imechanika nyuma, mwanamke ndiye mwongo. Wakatazama. Nyuma. Katika kitabu cha Mwanzo vazi linabaki mkononi mwa mwanamke, naye analionyesha kwa watumishi, kisha kwa mumewe, liwe ushahidi wa kumfunga mtu. Kitambaa kilekile huku kinamtakasa na kule kinamtia gerezani. Mwanafunzi wa uandishi angeweza kukaa na jambo hilo mwaka mzima: kitu chenyewe hakisemi, kinachosema ni mkono uliokishika.

Kuna la pili, nami huliona zito zaidi. Hata katika masimulizi ya Qurani, ambamo kanzu imeshamtakasa mbele ya mume wa mwanamke huyo na jamaa, Yusufu anafungwa vilevile. Walioziona dalili ndio walioona ni afadhali akae ndani kwa muda. Kutakaswa hakukumsaidia, kwa maana mji ulikuwa umeshaanza kusema, na njia rahisi ya kunyamazisha mji ni kumwondoa anayesemwa.

Lakini pote pawili msomaji anajua. Tangu mwanzo tulikuwamo chumbani, tumeona nani alimvuta nani, na dhuluma inatuuma kwa sababu tuna hakika. Riwaya nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya hakika hiyo. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Fuad anaitazama rangi ya mtoto aliyezaliwa na kumtilia shaka mkewe, na maisha ya binti mzima yanapindwa na shaka hiyo. Sisi wasomaji hatumshuku mama hata kwa ukurasa mmoja. Katika Haini ya Shafi Adam Shafi (2003), inayochota kwenye kamatakamata ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, mateso yanatafuta ungamo ambalo mtesaji mwenyewe ameshaliandika kichwani. Ni vitabu vikubwa. Hata hivyo vyote viwili vinatuweka mahali pazuri pa kukaa: upande wa aliyeonewa, huku ukweli ukiwa mfukoni mwetu. Tunafunga kitabu tukiwa tumewachukia wasingiziaji, wala hatujajiuliza sisi tungefanya nini kama tusingekuwamo chumbani.

Kwa Bogoro hakuna aliyekuwamo chumbani na bado anaaminiwa na pande zote. Ndiyo sababu, kati ya riwaya ninazozijua za Afrika Mashariki, iliyo karibu zaidi na kijiji hicho imeandikwa juu ya Kenya, tena miaka mingi kabla ya vita vya Ituri. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967), kijiji cha Thabai kinajiandaa kwa sherehe za Uhuru wa Desemba 1963. Kuna shujaa aliyenyongwa na Waingereza, Kihika, na mtu fulani alimuuza. Nani? Kijiji kinamtazama Karanja, aliyekuwa mlinzi wa serikali ya kikoloni na baadaye chifu, aliyewapiga na kuwakamata watu wa kwao. Wapiganaji waliotoka msituni wanapanga kumfichua hadharani siku ya sherehe. Na mgeni wa heshima wa kuhutubia siku hiyo wamemteua Mugo, mtu mkimya aliyeteseka kizuizini, mtu wanayemwona karibu mtakatifu.

Aliyemuuza Kihika ni Mugo.

Ustadi wa Ngũgĩ hapo si fumbo lenyewe, maana fumbo la nani-alimuuza-nani hata mwandishi wa riwaya za upelelezi za kituo cha basi analiweza. Ustadi ni Karanja. Kwa kosa analoshukiwa, Karanja kasingiziwa. Je, ni mtu safi? Hata kidogo. Amefanya maovu mengine, yanayojulikana, na maovu hayo ndiyo yaliyofanya tuhuma ya uongo ikae juu yake kama iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Msomaji naye ameshamhukumu kurasa nyingi kabla, akifurahia. Mugo anaposimama na kusema ni mimi, Karanja anaondolewa tuhuma moja na kubakiziwa maisha yake yote. Anaondoka Thabai. Hakuna anayemwomba radhi, na mimi msomaji sikutaka aombwe. Hapo ndipo kitabu kilipokuwa kimenifikisha.

Turudi Ituri na swali hilo la mtu na maovu yake mengine. Mwishoni mwa Machi 2003, wiki chache baada ya Bogoro, Ngudjolo alionekana wazi katika cheo cha juu cha kijeshi cha muungano wa FNI na FRPI, makundi ya wapiganaji wa Kilendu na wa Kingiti. Hilo halikubishaniwa sana. Mwendesha mashtaka alitaka majaji wasome kinyumenyume: aliyekuwa mkuu mwezi Machi hakuota kama uyoga, lazima alikuwa mkuu mwezi Februari. Wahenga wangempa ushahidi wa bure, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yalisemwa, na kweli yakaja. Majaji wakakataa. Alivyokuja kuwa mtu baadaye, walisema kwa hoja ndefu, hakuthibitishi alivyokuwa siku ya tukio.

Kwa mwandishi wa hadithi hilo ni pigo, kwa sababu kazi yetu yote imesimama juu ya usomaji huo uliokataliwa. Tunafundishwa kupanda mbegu: mtoto anayeng'oa mabawa ya panzi sura ya kwanza atakuwa mtesaji sura ya ishirini. Tunaita huo ujenzi wa mhusika. Tunamsifu mwandishi ambaye mhusika wake, akifikia mwisho, anaonekana kwamba asingeweza kuwa mwingine. Na huo ndio umbea wa kijiji katika sura yake iliyosafishwa: nilijua tangu zamani, hata alivyokuwa anatembea. Mahakama, pamoja na ukavu wake wote, ilimpa binadamu nafasi ambayo riwaya nyingi humnyima, nafasi ya kuwa muuguzi Februari na mkuu wa jeshi Machi.

Simtetei, mlango huo wa shaka unafunguka pande zote mbili. Kwenye rekodi za kesi yamo pia maneno yake mwenyewe: alikuwa amemwambia mchunguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba yeye ndiye aliyeandaa mapigano ya Bogoro na ya kijiji cha Mandro. Majaji waliyaona maneno hayo kuwa ya jumla mno, wakasema hayawezi kubeba uzito wa hukumu. Katika Ituri ya 2003 kulikuwa na sababu ya mwanamume kujisifu kwa vita asivyoviongoza, kwa maana vyeo katika jeshi jipya la taifa vilikuwa vinagawiwa kwa waliotisha. Basi mtu anaweza kujisingizia mwenyewe. Anaweza kujipaka damu ili apate nyota begani, na miaka ikapita, na damu ile ikaanza kudai bei yake. Huyo ni mhusika ambaye bado sijamkuta katika riwaya ya Kiswahili, nami ningelipa kumsoma: mtu aliyeharibiwa na sifa aliyoitafuta, asiyeweza kusema nilidanganya bila kupoteza hata ule uongo uliomfanya mtu.

Na si yeye peke yake aliyesimulia. Mashahidi wawili kati ya waliotegemewa zaidi na upande wa mashtaka walisema walikuwa wanamgambo wakiwa bado watoto. Utetezi ukaleta karatasi za shule na ndugu. Majaji wakaona hadithi zao hazisimami, wakamlaumu mwendesha mashtaka kwa kutochunguza mapema kumbukumbu za shule na za uzazi, na kwa kutoyatembelea maeneo yenyewe inavyostahili. Majaji wao walikwenda: Januari 2012 walifika Bogoro, Zumbe, Aveba na Kambutso kujionea umbali na miinuko. Napenda kuwafikiria katika safari hiyo, wakipima kwa macho kama kweli kutoka kilima hiki mtu angeweza kuona kile alichoapa kukiona. Hiyo ni kazi ya mwandishi mzuri. Wengi wetu hatuifanyi.

Lakini angalia kilichotokea siku ya hukumu, kwa sababu hapo tuhuma ilibadilisha mwenyewe. Mshtakiwa alipoachiwa, waliosema walimwona au walimjua waligeuka kuwa waongo, angalau kwa sikio la kijiji. Hukumu ilijitahidi, ilisema wazi kwamba kutothibitika kwa shtaka hakutilii shaka mateso ya watu wa Bogoro siku ile. Redioni, na baada ya redio vinywani, tofauti hiyo haidumu. Mama aliyepoteza watoto na aliyeamini kwa miaka tisa kwamba jina la muuaji wao analijua anaambiwa mahakama haikuthibitisha. Anasikia: umesema uongo. Kuna jina moja lililosafishwa nusu, na majina mengi yaliyochafuliwa bila hata kutajwa. Hadithi zetu za kusingiziwa hupenda kumweka mtu mmoja katikati, asiye na kosa, na umati wa wabaya pembeni. Bogoro haina pembeni. Anayemshuku mtu kwa makosa anaweza kuwa yeye mwenyewe ameonewa kuliko wote.

Kisha kuna shaka isiyofika mahakamani kabisa, inayoelekezwa kwa kabila zima. Vita vya Ituri vilianza 1999 kwa ugomvi wa mashamba huko Djugu, juu ya hati za ardhi na nani ana haki ya kumfukuza nani, na vikaua makumi ya maelfu. Nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na Wabelgiji waliowapendelea Wahema shuleni na utawalani, kisha sheria ya ardhi ya 1973 iliyowafaa waliojua kusoma hati, kisha maofisa wa jeshi la Uganda waliouza ulinzi kwa mwenye pesa. Haya yote ni marefu na yanachosha, na kwa hiyo yamefupishwa: Mlendu ni muuaji, Mhema ni mnyang'anyi wa ardhi. Mtoto wa Kingiti aliyezaliwa baada ya 2003 anapopita Bogoro kwa pikipiki akielekea sokoni anatazamwa kwa sababu ya tarehe ambayo hakuwapo. Mtoto wa Kihema anayenunua kiwanja kihalali atasemwa tayari kuwa anaiba. Hakuna hakimu anayeweza kumwachia huru mtoto wa namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Tangu mwishoni mwa 2017, wanamgambo wa CODECO walipoanza kuua upya huko Djugu, ufupisho huo umepata nguvu mpya, na kila jina la ukoo limerudi kuwa kama shtaka.

Kuhusu Katanga nitasema jambo moja la kiufundi, kwa kuwa linawahusu waandishi. Alishtakiwa akiwa mpangaji mkuu aliyetumia watu wengine kama vyombo. Usikilizaji ulipokwisha, majaji wawili kati ya watatu waliamua kubadilisha namna ya kuhusika kwake: akahukumiwa kwa mchango alioutoa, hasa silaha zilizopita Aveba, katika uhalifu wa kundi. Jaji wa tatu, Christine Van den Wyngaert, aliandika kupinga kwa maneno makali. Kwa lugha yetu, mhusika alipewa nafasi nyingine baada ya sura ya mwisho kuandikwa. Mwandishi anaweza kufanya hivyo na kuitwa fundi. Kwa hakimu, jaji huyo aliona si haki. Katanga alikubali hukumu, akaomba radhi, na mwaka 2017 mahakama ikawatambua wahanga 297, kila mmoja akapewa fidia ya ishara ya dola 250.

Ngudjolo yeye aliomba hifadhi Uholanzi akisema akirudi atadhurika. Alikataliwa. Tarehe 27 Februari 2015 rufaa ya mwendesha mashtaka ilitupwa, na tarehe 11 Mei mwaka huo huo akapandishwa ndege kurudi Kongo.

Ningekuwa na ujasiri, ningeianza riwaya ya Bogoro kwenye ndege hiyo, nikamwacha msimulizi asijue. Namaanisha asijue kweli kweli, pasiwe na ukurasa uliofichwa mwishoni unaofumbua. Ningempa mama wa Bogoro sauti yenye uzito uleule wa sauti ya muuguzi, na kila mmoja angekuwa na sababu njema ya kuamini anachokiamini. Ningeiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Mhema, Mlendu na Mngiti wanatumia wakikutana barabarani Bunia, na ambayo mashahidi wengi walitumia mbele ya majaji. Lakini najua kitakachotokea kitabu kikifika. Ituri jina la mtu hueleza alikotoka kabla hajafungua kinywa. Wasomaji wa kwanza hawataanza na sura ya kwanza; wataanza na jina lililo kwenye jalada, waulize ni la upande gani, na wakishajibiwa watakuwa wameshajua, au wamedhani wanajua, nani kamuua nani ndani ya kitabu.